Ramani juu ya Tembre

Tembre ni kipande kidogo cha karatasi chenye gundi nyuma. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mwenye barua amekwisha kulipa posta. Lakini ziko tembre zenye kazi ya pili, yaani kukumbusha jambo kubwa la nchi. Hizo huitwa tembre za ukumbusho.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Kongo ilikuwa na tembre za maua, zilizotolewa mwaka 1952. Zilikuwa nzuri sana. Jina la nchi liliandikwa kwa Kifaransa na Kiholanzi: Congo Belge, Belgisch Congo. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jina hilo halikufaa tena. Tembre za zamani zilikuwa bado zipo, na kuzitupa ni hasara. Basi zikapigwa chapa ya neno moja: CONGO.

Kwa ajili ya uhuru wenyewe zilitolewa tembre mpya. Juu yake hapakuwa na ua wala mnyama, bali ramani ya Kongo. Ramani haina kabila wala chama. Mtu wa Bwegera angeitazama, asingeona kijiji chake, maana ni kidogo kuliko ncha ya sindano. Lakini angeweza kufuata kwa kidole mpaka wa mashariki, mahali mto Ruzizi unaposhuka katika ziwa Tanganyika, akasema, “Sisi tuko hapa.”

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Jimbo hilo lilikuwa kusini, nalo lilifika kwenye ziwa hilo hilo la Tanganyika. Posta ya Katanga ilizichukua tembre zile zile za ramani, ikazipiga chapa: 11 JUILLET DE L'ETAT DU KATANGA. Ajabu kweli! Picha ilionyesha nchi moja nzima, na maneno juu yake yalisema, “Sisi tumetoka.”

Mwaka 1961 wakubwa wa nchi walikutana Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka, kushauriana namna ya kuyaunganisha majimbo. Tshombe alikwenda, akakamatwa huko huko, baadaye akaachiliwa. Ramani ile ikapigwa chapa nyingine: CONFERENCE COQUILHATVILLE AVRIL-MAI-JUIN 1961. Hivyo picha moja ilibeba habari ya kuachana na habari ya kutafuta umoja. Katanga ilirudi katika Kongo mwezi wa Januari 1963, baada ya vita na vifo vingi.

Maswali

Kwa nini tembre za maua zilipigwa chapa mwaka 1960?
Ramani ilisema nini, na chapa ya Katanga ilisema nini?
Chora tembre ya kijiji chako. Utaweka picha gani ambayo watu wote wa kijiji wataikubali?