Nyota Inayotembea

Je, umewahi kukaa nje ya nyumba yako jioni, baada ya jua kutua, ukaona nyota moja inatembea? Nyota nyingine zimetulia mahali pake. Hiyo moja inakwenda taratibu, bila sauti. Inatokea upande mmoja wa anga, inapita juu ya kichwa chako, kisha inatoweka.

Mtu mmoja atasema ni dalili ya vita. Mwingine atasema ni ndege. Wa tatu atasema ni kimondo. Nani amesema kweli?

Somo hili litakusaidia kujibu wewe mwenyewe. Utahitaji vitu vitatu tu: macho yako, saa, na daftari.

NYOTA HIYO NI NINI?

Hiyo si nyota. Ni setilaiti. Setilaiti ni chombo kilichotengenezwa na watu, kikarushwa juu kwa roketi ili kizunguke dunia.

Kwa nini haianguki? Tupa jiwe. Litaanguka karibu. Litupe kwa nguvu zaidi. Litaanguka mbali zaidi. Sasa fikiri jiwe lililotupwa kwa kasi kubwa sana. Linaanguka, lakini dunia ni mviringo, nayo ardhi inajipinda chini yake. Hivyo jiwe halifiki chini. Linaizunguka dunia. Hivyo ndivyo setilaiti inavyokwenda.

Setilaiti kubwa kuliko zote tunazoziona ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Urefu wake ni kama uwanja wa mpira. Kipo juu yetu kiasi cha kilomita 400. Kasi yake ni kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni ya saa nyingi. Kituo hiki hukata umbali huo kwa dakika 1 hivi. Ndani yake wanaishi watu. Tangu Novemba 2000 hakijakaa hata siku moja bila watu.

JINSI YA KUITAMBUA

Setilaiti haina taa ya kutuangazia. Tunaiona kwa sababu jua linaipiga. Umepata kuona kilele cha mlima kikiwa bado na jua, wakati bondeni giza limekwisha ingia? Setilaiti iko juu kuliko mlima wowote. Sisi tumo gizani, yenyewe bado ipo juani. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuitazama ni saa moja au mbili baada ya jua kutua, au kabla ya jua kuchomoza. Usiku wa manane nyingi huwa zimeingia katika kivuli cha dunia, hazionekani.

Sasa soma tofauti hizi kwa makini:

Ndege ina taa nyekundu na za kijani, na taa nyingine zinazowaka na kuzimika. Mara nyingi utasikia mngurumo wake.

Kimondo hupita upesi sana. Kwa sekunde moja au mbili kimekwisha.

Setilaiti ina mwanga mmoja mtulivu. Huchukua dakika chache kukata anga. Pengine hufifia na kupotea ghafula katikati ya anga. Usishtuke. Imeingia kivulini.

Liko jambo jingine ambalo limewatia watu wengi hofu. Tangu mwaka 2019, setilaiti nyingi za Starlink zimekuwa zikirushwa pamoja. Siku za kwanza baada ya kurushwa, huonekana zimefuatana kwa mstari mmoja, kama shanga katika uzi. Hizo nazo ni kazi ya mikono ya watu. Hazileti vita wala njaa.

WATU WALIOSIKILIZA

Setilaiti ya kwanza duniani iliitwa Sputnik 1. Ilirushwa na nchi ya Urusi ya Kisovyeti tarehe 4 Oktoba 1957. Ilikuwa mpira wa metali wenye uzito wa kilo 83 na zaidi kidogo. Ndani yake mlikuwa na redio iliyotoa mlio: bip, bip, bip.

Wakubwa wa serikali hawakuwa peke yao katika kuusikia mlio huo. Wapenzi wa redio katika nchi nyingi waliusikia pia majumbani mwao.

Wapenzi wa redio ni watu gani? Ni watu wanaowasiliana kwa redio bila kutafuta fedha. Wamo wakulima, walimu, mafundi na wastaafu. Huunda vyama vyao. Katika chama hujifunza kutengeneza mitambo, kutundika nyaya za kunasa mawimbi, na kutumia alama za Morse. Morse ni herufi zinazoandikwa kwa nukta na mistari.

Mtu hawezi kuanza kurusha sauti hewani apendavyo. Lazima apate leseni ya serikali yake. Akiipata hupewa jina la herufi na tarakimu. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, na ya Uganda 5X. Akizungumza na mtu wa nchi ya mbali, wengi hupelekeana kadi kwa posta. Kadi huandikwa tarehe, saa, na namna sauti ilivyosikika. Bila kuandika, hakuna ushahidi.

Wapenzi hao hawakuridhika na kusikiliza tu. Huko California, Marekani, baadhi yao walitengeneza setilaiti yao wenyewe kwa muda wao wa mapumziko. Waliiita OSCAR 1. Ilikuwa na uzito wa chini ya kilo 5. Tarehe 12 Desemba 1961 ilipandishwa pamoja na mzigo mwingine wa roketi. Kwa muda wa kama wiki tatu ilituma neno moja tu kwa Morse: nukta nne, kisha nukta mbili. Hiyo ni "HI", yaani salamu. Watu zaidi ya 500 katika nchi 28 waliisikia salamu hiyo, wakaandika na kupeleka taarifa.

DAFTARI LILILOFICHUA SIRI

Sasa sikiliza habari ya shule moja.

Katika mji wa Kettering, Uingereza, alikuwako mwalimu wa fizikia aliyeitwa Geoffrey Perry. Mwalimu huyu na wanafunzi wake walisikiliza setilaiti za Urusi ya Kisovyeti kwa redio. Hawakuwa na mitambo mikubwa ya serikali. Walikuwa na redio ya kupokea, saa, na karatasi. Kila setilaiti ilipopita waliandika: tarehe gani, ilianza kusikika saa ngapi, ilinyamaza saa ngapi. Waliandika siku hata siku.

Mwezi wa Machi 1966 ilirushwa setilaiti iliyoitwa Kosmos 112. Walipoangalia maandishi yao, waliona kwamba njia yake si kama njia za zile zilizotangulia. Wakangoja. Baadaye mwaka ule ule zikarushwa nyingine. Walipolinganisha njia hizo kwenye ramani, waliona zinakutana mahali pamoja, kaskazini ya Urusi. Wakatambua kwamba Warusi wana kituo kipya cha kurushia roketi, ambacho hawajakitangaza. Mahali hapo ni Plesetsk. Mwezi wa Novemba 1966 habari hiyo ilitangazwa. Serikali ya Kisovyeti yenyewe haikukiri kuwa na kituo hicho mpaka mwaka 1983.

Ndugu msomaji, siri ya taifa kubwa ilifichuliwa na mwalimu na wanafunzi wake. Silaha yao ilikuwa daftari. Mtu mmoja angeweza kusahau jambo la juzi. Daftari halikusahau.

HONI YA LORI NA WATU WATATU

Simama kando ya barabara lori linapokuja likipiga honi. Lori likija kwako, sauti ya honi ni nyembamba. Likikupita, mara sauti inakuwa nzito. Dereva hakubadilisha honi. Mwendo wa lori ndio umebadilisha sauti uliyoisikia.

Redio ya setilaiti hufanya vivyo hivyo. Ikija, mlio wake hupanda. Ikienda, hushuka. Msikilizaji hodari hupima mabadiliko hayo akajua setilaiti ilipita lini karibu naye. Akipima mara nyingi atajua na njia yake.

Watu wakafikiri: je, mambo haya hayawezi kugeuzwa? Kama njia ya setilaiti inajulikana, nayo ikasikia redio iliyopo chini, si itatuambia redio hiyo ipo wapi? Katika miaka ya 1970 majaribio ya jambo hili yalifanywa kwa kutumia setilaiti za wapenzi wa redio. Yalifaulu. Ndipo Urusi ya Kisovyeti, Marekani, Kanada na Ufaransa zikaungana kutengeneza mpango wa kuokoa watu, ingawa baadhi ya nchi hizo zilikuwa na uhasama mkubwa.

Mwezi wa Septemba 1982 ndege ndogo ilianguka katika milima ya magharibi ya Kanada. Redio yake ya hatari ikaanza kulia. Setilaiti ya Kisovyeti ilipita juu, ikaisikia. Mahali pakajulikana. Watu watatu waliokuwamo waliokolewa.

Mpango huo unaendelea hata leo. Meli na ndege nyingi hubeba redio ya namna hiyo. Mvuvi aliyepotea baharini akiwa nayo, anaweza kutafutwa na kuonekana.

SETILAITI ILIYOITWA UHURU

Usidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi. Liliitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea miaka 7 ya uhuru. Basi setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini walikuja huku? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wake ni mkubwa zaidi katika ikweta. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki husukumwa na mwendo huo. Hivyo inahitaji nguvu kidogo zaidi kuliko ile inayorushwa mbali na ikweta.

ANZA DAFTARI LAKO

Chagua jioni isiyo na mawingu. Kaa mbali na taa. Ngoja dakika kumi macho yazoee giza. Kumbuka jua lilikotua. Huko ni magharibi.

Ukiona setilaiti, tazama saa yako mara moja. Andika mambo haya matano:

1. Tarehe.
2. Saa ilipotokea.
3. Upande ilikotokea.
4. Upande ilikokwenda.
5. Dakika ilizochukua, na kama mwanga ulikuwa mkali au hafifu.

Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mwanga mkali kuliko nyota zote. Mara nyingi hutokea upande wa magharibi, yaani kusini-magharibi au kaskazini-magharibi, kikaenda upande wa mashariki. Ukiona mwanga mkali unaotoka mashariki kwenda magharibi, si kituo hicho.

Watu wa ndani ya kituo hicho huzungumza na wapenzi wa redio na wanafunzi wa shule mbalimbali. Mazungumzo hayazidi dakika 10 hivi, kwa kuwa kituo hupita upesi, kikazama upeoni. Redio ya kawaida ya nyumbani haiwezi kunasa sauti hiyo. Lakini macho hayahitaji betri wala leseni.

Andika hata jioni ambayo hukuona kitu. Andika: "Leo sikuona." Hilo nalo ni la kweli. Usiandike usiloliona ili kuwafurahisha wenzako. Daftari lenye uongo mmoja haliaminiki tena.

Baada ya mwezi mmoja, soma uliyoyaandika. Siku mtu atakapokuja kuwatisha watu kwa habari ya nyota inayotembea, usibishane naye kwa sauti. Lete daftari lako, umfungulie, asome.

MASWALI

1. Kwa nini setilaiti huonekana jioni, lakini nyingi hazionekani usiku wa manane?
2. Taja tofauti mbili kati ya setilaiti na kimondo.
3. Mwalimu Perry na wanafunzi wake walitambua nini mwaka 1966? Walitumia vitu gani?
4. Honi ya lori inafananaje na redio ya setilaiti?
5. Kwa nini ni vizuri kuandika hata jioni usiyoona kitu?

HESABU

Kituo cha Anga cha Kimataifa huzunguka dunia kwa kiasi cha dakika 90. Siku moja ina saa 24, na saa moja ina dakika 60. Je, kituo huzunguka dunia mara ngapi kwa siku?

KAZI YA DARASA

Gawanyikeni katika vikundi viwili. Kila kikundi kitazame anga kwa jioni saba na kuandika. Kisha linganisheni madaftari. Kama hayapatani, msigombane. Jadilianeni: ni nani aliyetazama saa yake, na ni nani aliyekisia?