SOMO LA BIOLOJIA: SELI YA MMEA NDANI YA MAJI YA CHUMVI



Huku Kasongo na Kabambare mvua ni mingi, nayo inaosha udongo. Chumvi haikai shambani. Lakini mpunga wetu uliletwa na watu wa pwani katika karne ya 19, na kule pwani, mahali maji ya bahari yanaingia mashambani, mpunga unakauka. Juu ya nini? Tuanze na seli.

Kata vipande viwili vya kiazi kitamu kibichi. Kimoja ukitie katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi mingi. Kesho yake cha kwanza ni kigumu, cha pili kimelegea: chumvi imevuta maji toka ndani ya seli. Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili ni sumu: sodiamu ikizidi ndani ya seli inachukua nafasi ya potasiamu na kuharibu kazi.

Katika miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walikuza seli za tumbako ndani ya chupa na kuzizoeza chumvi. Walipata seli zinazokua katika maji yenye gramu 25 za chumvi kwa litre moja. (Bahari ina karibu gramu 35.) Seli hizo zilifanya nini?

1. Zilifungia sodiamu mingi ndani ya vakuoli, ndiyo ghala ya maji ya seli.
2. Nje ya ghala hiyo zilijaza prolini, ili maji yasitoroke.
3. Zilitengeneza kwa wingi proteini moja. Mwaka 1987 waliiandika kwa jina la osmotini.

Kazi hiyo ina bei yake: seli zilibaki ndogo.

Basi musifikiri seli ikishinda chumvi, mmea mzima umeshinda. Mchu, mti mmoja wa mikoko ya pwani, unatoa chumvi kwa majani yake. Seli ya chupani haina jani. Ndiyo maana mwenye kutafuta mpunga wa kuvumilia chumvi anapashwa kuujaribu shambani vilevile.

MASWALI
1. Juu ya nini kiazi kililegea?
2. Wazee walichoma majani ya mtoni wakapata chumvi ya majivu. Ina potasiamu mingi kuliko sodiamu. Hiyo inatufundisha nini juu ya seli ya mmea?