SOMO LA MWEZI: HESABU YA MAJI YA MTO MIRONGO



Mto Mirongo hupita Mabatini na katikati ya Mwanza, kisha huingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo ndilo linalotupa maji ya kunywa. Je, tutajuaje kiasi cha uchafu wa mto huu?

Achotaye chupa moja amepima siku moja tu. Tuseme, kwa mfano, tumechota siku tano. Katika kila mililita 100 tukahesabu bakteria wa kinyesi 10, 20, 30, 40 na 9,900. Jumla ni 10,000. Tukigawa kwa 5, wastani ni 2,000. Lakini hakuna siku hata moja iliyokuwa na 2,000! Namba ya katikati ni 30, nayo huificha ile siku ya tano. Siku hiyo kulikuwa na nini? Tuseme mvua ilinyesha. Kwa hiyo mpimaji mwema huandika mahali, tarehe na mvua, tena hupima mara nyingi. Na tusidanganyike na ile 10: Shirika la Afya Duniani hutaka maji ya kunywa yasiwe na bakteria huyo hata mmoja katika mililita 100.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 karibu na Broad Street, London. Daktari John Snow alihesabu vifo akasema chanzo ni bomba la kisima. Kasisi msaidizi wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakukubali. Akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa maji yale na nani hakunywa. Hesabu yake mwenyewe ikamgeuza, naye akakiri kwamba daktari alisema kweli. Ndiye pia aliyegundua kwamba maji yaliyofulia nepi za mtoto mchanga aliyeharisha yalimwagwa katika shimo la uchafu jirani na kisima.

Ndugu zangu, shimo moja lilitosha. Basi sisi tunaotapisha vyoo mvua inaponyesha, tukidhani maji yatachukua uchafu, tujiulize: yanaupeleka kwa nani?

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Kwa nini wastani peke yake hautoshi?

2. Choo chetu kiko umbali gani na mfereji, na kinajaa lini?

3. Je, maji ya watoto tumeyachemsha leo?