Mjomba kaleta unga wa mstafeli

Shangazi, mama ana saratani ya titi, daktari anasema haijasambaa, na ameanza dripu Ocean Road. Mjomba kamletea unga wa majani ya mstafeli, anasema unashinda dawa zote, na kila siku anamtumia video za waliopona. Mama kachoka kutapika, anataka kuacha dripu. Tumsikilize nani?
Binti, Mbagala

Mwanangu, pole sana. La kwanza kabisa: mama asiache dripu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake wenye saratani ya titi ambayo haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ya wenzao waliotibiwa hospitali.

Mjomba hajatunga. Mstafeli umeua seli za saratani, ila ni maabara, kwenye vichupa. Humo hata chumvi ikizidi huua seli. Kwamba unamponya mtu, hilo halijathibitishwa, na una kemikali iitwayo anonasini, ambayo imeonekana kudhuru neva. Wala madaktari hawadharau miti: paklitaxeli, dawa kubwa ya saratani ya titi, ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani. Lakini ilijaribiwa kwa wagonjwa mpaka kipimo na madhara yake yakajulikana.

Kwa hiyo ukiletewa video, uliza: huyo aliyepona alichukuliwa kinyama cha kupimwa, majibu yakasema ni saratani? Alikuwa akitibiwa hospitali wakati huohuo? Anayesimulia ndiye anayeuza? Kwangu hilo la mwisho linatosha. Kama unasoma Kiingereza, hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ina orodha ya bure mtandaoni, About Herbs, inayoeleza mmea umepimwa kwa nani na unagongana na dawa zipi. Usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala uulizie pia, ila usajili si ushahidi kwamba dawa inaponya saratani.

Na huko kutapika ndiko kulikomfungulia mjomba mlango. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, na moja ikishindwa hujaribiwa nyingine. Wagonjwa wengi huvumilia kimya wakidhani ndivyo ilivyo. Mwambieni daktari. Kliniki ijayo mjomba naye aje, na kopo lake la unga alibebe, daktari na mfamasia walione kabla mama hajaonja kijiko kingine.