Mbwa Anapoburuta Miguu ya Nyuma

Mbwa mlinzi anayeinuka kwa shida asubuhi huenda si mvivu. Kwa mbwa wakubwa, hasa German Shepherd wa makamo, mfupa huweza kuota vinundu pale kiuno kinapoungana na nyonga, na njia ya neva ikawa finyu. Neva zikibanwa, mbwa huumwa mgongo, huburuta kucha, mkia hulegea, na baadaye mkojo na kinyesi humtoka ovyo.

Mwenye mbwa anashauriwa amzuie kuruka, kisha amwite daktari wa mifugo mapema. Mapumziko, dawa na kupunguza uzito huwasaidia baadhi. Wengine huhitaji upasuaji. Mkojo ukishaanza kumtoka, matumaini ya kupona hupungua. Asipewe dawa za binadamu kama ibuprofeni, kwani humletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Tahadhari: kichaa cha mbwa pia hulegeza miguu. Mbwa anayedondokwa na mate au aliyebadilika tabia asiguswe. Ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali.