Jik na limao kwenye ndoo ya maji? Acheni!

SWALI: Daktari, shoga yangu anasema kuchemsha maji hakutoshi, eti kuna bakteria wenye spora zisizokufa. Yeye hutia Jik, kisha hukamulia limao au humimina siki ili dawa iwe kali. Nami nifanye hivyo? – Mama wa watatu, Mbagala

JIBU: Usifanye, na shoga yako mwambie aache leo.

Spora zipo kweli. Baadhi ya bakteria wakibanwa hujifungia kwenye gamba gumu, na maji yanayochemka hayawezi kuziua zote; hospitalini vifaa hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 chini ya mgandamizo. Ni kweli pia kwamba klorini iliyomo kwenye Jik huua vizuri zaidi kukiwa na uchachu kidogo. Uvumi umeokota hapo. Lakini wataalamu hupima kila tone, na hawanywi wanachochanganya.

Jikoni hakuna anayepima. Jik ikikutana na limao, siki au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka sakafuni, alipo mtoto anayetambaa. Jik ikichanganywa na sabuni yenye amonia, hutoka gesi nyingine inayounguza mapafu vilevile.

Wagonjwa wa gesi hizi nawajua kabla hawajasema neno: macho mekundu yanachuruzika, kikohozi hadi kutapika, kanga inanuka Jik. Na karibu kila mmoja ameshanyweshwa maziwa! Maziwa huenda tumboni. Gesi imeingia mapafuni. Ikitokea, toeni watu wote nje, msirudi kumwaga ndoo, osheni macho kwa maji mengi, kisha njooni hospitali saa hiyohiyo. Msiniambie “alipata nafuu tukaona tusubiri asubuhi.” Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya kikohozi kutulia, na usiku wa manane bodaboda haina oksijeni.

Tena mnahangaika na adui asiyewahusu. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havitengenezi spora kabisa. Maji yakichemka hadi kutokota, vimekufa. Usipochemsha, tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Tembe ya miligramu 67, kwa mfano, ni ya ndoo ya lita 20, nawe usubiri nusu saa. Maji ya tope yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwani uchafu huimaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Njia moja inatosha. Kisha funika ndoo, uchote kwa kata yenye mpini. Wengi hutibu maji vizuri halafu wakazamisha kikombe pamoja na vidole.

Mtoto akiharisha majimaji kama maji ya mchele, anza ORS njiani kuja zahanati, siku hiyohiyo. Macho yakishadidimia na mkojo kukata, mmeshachelewa, na hapo hata mimi nahangaika kuupata mshipa wa kutundikia dripu.