UPEKUZI KWANZA, PESA BAADAYE: Mwongozo wa Kumchagua Dalali Unaponunua Nyumba

Pita mitaa ya Dar es Salaam utaona maandishi ukutani, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nyumba hakupenda kuchafua ukuta wake. Kaandika kwa sababu yuko mtu, pengine mpangaji wake, pengine ndugu, anayeizungusha nyumba hiyo kwa madalali na wateja huku mwenyewe yuko safarini. Maandishi hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike kijitabu hiki.

Kwa nini sasa?

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, udalali wa nyumba ukiwemo. Wapo wanunuzi wanaoamini kwamba kwa amri hiyo madalali waliobaki wamehakikiwa. Si kweli. Amri imesema nani asifanye udalali. Haikumdhamini yeyote anayeufanya. Kumhakiki dalali ni kazi yako wewe mwenye pesa.

Mchague dalali hivi

1. Awe na ofisi inayojulikana, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi (TIN). Jina la kwenye leseni lifanane na la kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Anayekasirika kuulizwa, achana naye.
2. Muulize nani anamlipa. Dalali anayelipwa na muuzaji anamtumikia muuzaji. Si kosa, ila lijue mapema ili usimfanye mshauri wako.
3. Malipo yake yaandikwe kabla hamjaanza kuzunguka, naye alipwe mauzo yakishakamilika. Kila shilingi unayompa, dai risiti.
4. Akukutanishe na mwenye nyumba, uso kwa uso. Ukiambiwa "mzee hapendi usumbufu, maliza na mimi", muage hapo hapo.

ONYO KUU: Usitoe hata kishika uchumba kabla ya upekuzi

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Dalali anachomoa kopi ya hati kwenye bahasha ya kaki. Imekunjwa mara nne, muhuri umefifia, na kabla hujamaliza kusoma namba ya kiwanja ameshairudisha. Kisha anakwambia: "Kuna mteja anakuja saa kumi na pesa taslimu. Toa milioni mbili nikushikie." Mkono unaingia mfukoni.

Uzuie mkono huo. Kopi ya hati haithibitishi umiliki. Hata hati yenyewe ukiishika mkononi, haikuambii kama nyumba iko rehani benki.

Fanya hivi:

- Andika namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu.
- Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati, uombe upekuzi rasmi wa hati hiyo. Nenda mwenyewe au umtume wakili wako, si wakili aliyeletwa na dalali.
- Lipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali. Usiitume kwenye simu ya dalali.
- Soma majibu: mmiliki aliyesajiliwa ni nani? Kuna rehani? Kuna zuio?
- Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia.

Kumbuka pia: muhuri wa serikali ya mtaa si upekuzi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kumfahamu muuzaji miaka 20 na asijue kwamba nyumba ina rehani. Na ile asilimia 10 ya bei ya nyumba inayodaiwa na baadhi ya viongozi wa mitaa haimo kwenye sheria.

Tunarudia: upekuzi kwanza, pesa baadaye.

Masharti mengine, kwa kifupi

Eneo lisilopimwa halina hati ya kupekuliwa. Uliza halmashauri, ofisi ya mtaa na majirani wote wa mipaka. Nyumba ya wanandoa inahitaji ridhaa ya mwenza. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Asiye raia hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Mkataba uwe wa maandishi, malipo yapite benki. Yaliyobaki muulize wakili.

Umeshatapeliwa?

Usifute ujumbe wala risiti ya muamala. Nenda polisi siku hiyo hiyo, na benki au kampuni ya simu uliyotumia.

Elimu hii tumeitoa mitaani na tutaendelea kuitoa, kwa sababu tunajua inaokoa. Anayeifuata analala kwake kwa amani. Anayeipuuza hujikuta amenunua kesi.

Basi dalali akikuharakisha, jibu lako liwe moja: "Nikipata majibu ya upekuzi nitakupigia." Mwaminifu atasubiri, kwa kuwa nyumba ikiuzwa kihalali naye ujira wake uko palepale. Tapeli hatapokea simu yako tena, na hapo utakuwa umelijua jibu kabla hata Msajili hajakujibu.